Diski Isiyokopika

Vijana wa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, walilijua neno Blu-ray miaka mingi kabla ya yeyote kati yao kuitia diski yenyewe mkononi. Walilisoma kwenye majina ya mafaili. Flashi ikifika kutoka Mombasa, ukiifungua unakuta jina la filamu, mwaka wake, halafu kipimo cha ubora wa picha, 720p au 1080p, halafu BluRay, halafu jina la kundi lililoitoa, vyote vimeungwa kwa vitone bila nafasi. Mteja akija dukani kwa kaka yangu husema, "Nipe ile ya bluurei," na anachotaka ni picha safi, isiyo na vichwa vya watu wanaopita mbele ya skrini ya sinema. Mashine ya kuchezea diski hizo mtaani kwetu haikuwepo hata moja. Diski zenyewe ziliuzwa Ulaya na Marekani kwa pesa ambazo Lamu zinaweka samaki mezani wiki nzima.

Na diski hizo zilikuwa zimefungwa. Tena halikuwa kufuli la fundi mmoja wa uchochoroni. Walikaa IBM, Intel, Microsoft, Panasonic, Sony, Toshiba, Disney na Warner Bros. wakaunda mfumo mmoja, AACS, kazi yake kuhakikisha filamu iliyo kwenye diski ya HD, yaani ya picha kali, haitoki humo. Filamu zikatoka hivyo hivyo. Zikavuka bahari, zikafika Mokowe na basi la usiku, zikapanda boti, zikaingia Langoni kwa shilingi 50.

Duka lilikuwa la kaka. Yeye mbele akiuza na kukodisha, mimi nyuma ya pazia na kompyuta yangu nikihariri video za harusi, upande wa wanawake. Anayeijua Lamu hahitaji kuelezwa kwa nini kazi hiyo hafanyi mwanamume. Usiku wa kupamba, bi harusi hutolewa akakaa jukwaani kichwa wazi, dhahabu shingoni, asumini nyweleni, hina mikononi na miguuni, na wanawake waliojaa ukumbini nao wamevua mabuibui na kuvaa walivyotaka kuvaa. Picha hiyo haifai kuonwa na mwanamume asiye maharimu wao. Basi mpiga video ni mwanamke, mshika taa ni mwanamke, mhariri ni mwanamke, na kompyuta ya kuhariria ilikuwa na neno la siri ambalo kaka hakulijua wala hakuliuliza.

Siku hizo ndipo kamera za HD zilipoanza kufika mikononi mwetu. Akaja mama mmoja anayemwoza bintiye, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akavua viatu, dalili kwamba mazungumzo yatakuwa marefu.

"Mwanangu," akasema, "kijana wangu wa Dubai asema kuna diski mpya, diski hiyo haikopiki. Nataka ya harusi iwe hiyo. Sitaki itoke nde ya nyumba yangu."

Kaka alicheka kule mbele. Nilimsikia. Mkononi mwake wakati huo alikuwa na kasha la DVD yenye filamu nane, jalada lake lina uso wa mwigizaji ambaye hayumo hata katika moja ya hizo nane.

Sikumjibu mama siku ile. Nilimwambia nipe muda nitazame, maana kusema kweli hata mimi nilikuwa natamani jibu liwe ndiyo. Ninayepiga video za kupamba naishi na hofu ile ile anayoishi nayo yeye, na kazi yangu mwenyewe ilishaanza kuzungushwa na watu ambao hawakunilipa. Biashara ya kaka siitetei. Filamu ina wenyewe waliokesha wakiitengeneza. Kwa hiyo sikwenda kutafuta namna ya kulivunja kufuli. Nilikwenda kutafuta kama kufuli lipo.

Nilianza na ninayoijua, DVD. Nayo ilikuwa na kufuli lake, CSS, lililoanza kutumika mwaka 1996, lenye ufunguo mfupi wa biti 40. Mwaka 1999 likafunguliwa na programu iliyoitwa DeCSS. Jina lililoshikamana na programu hiyo ni la Jon Lech Johansen, mvulana wa Norway aliyekuwa na miaka 15. Alishtakiwa kwao. Mahakama ikamwachia Januari 2003, upande wa mashtaka ukakata rufaa, na Desemba mwaka huo huo akaachiwa tena. Majaji waliona mtu ana haki ya kuitazama diski aliyoinunua kihalali, hata kama ni kwa kompyuta ambayo wenye filamu hawakuipenda.

Tangu hapo kufuli la DVD lilibaki na kazi moja tu, kumsumbua aliyelipa. Shangazi yetu wa Dubai alikuwa akija kila msimu wa Maulidi, na kwenye sanduku lake hazikosi DVD halisi, zenye plastiki ya kung'aa na bei bado imebandikwa. Sasa wakubwa wa filamu waliigawa dunia mafungu ili wauze kila fungu kwa wakati wao: Kenya imo namba 5, pamoja na India na Urusi, Dubai imo namba 2, pamoja na Ulaya ya magharibi, Misri na Afrika Kusini. Ukitia diski ya shangazi kwenye kompyuta, kinatokea kidirisha kinakuuliza kama unataka kubadilisha eneo, na chini yake kinakuhesabia nafasi ulizobakiwa nazo. Ni tano. Ukizimaliza, kiendeshi kinaganda kwenye eneo la mwisho, na mchezo umekwisha. Deki rahisi za Kichina pale sokoni hazikuuliza swali hilo. Wala diski za kaka zenye filamu nane hazikuwa na eneo lolote. Shangazi alishangaa sana kuona zawadi yake ndiyo inayogoma na takataka ya dukani ndiyo inayocheza, na akanilaumu mimi kwamba sijui kompyuta.

Kwa hiyo nilipofika kwenye AACS nilikuwa na wasiwasi, lakini nilivutiwa. Walioiunda walikuwa wamejifunza. Usimbaji wenyewe ni AES wa biti 128, wa aina inayotumiwa na mabenki, na mpaka leo hakuna aliyeuvunja. Kila mashine iliyopewa leseni ina funguo zake. Kwenye diski kuna kipande cha data ambacho mashine inakichanganya na funguo zake, inapata ufunguo mwingine, na huo unazaa mwingine, mpaka inafikia ule unaofungua picha. Na uzuri wake ni huu: mashine moja ikivujisha funguo, diski zitakazotengenezwa baadaye zinaandikwa upya ili mashine hiyo isiweze tena kuzifungua. DVD ilikuwa kufuli likivunjwa limevunjwa. Hili lilijengwa liweze kubadilishwa kila likivunjwa.

Nikasema, huyo kijana wa Dubai pengine ana hoja.

Lakini soma kilichotokea. Diski za HD DVD na za mshindani wake, Blu-ray, zote zenye kufuli la AACS, zilitoka mwaka 2006. Desemba mwaka huo huo mtu aliyejiita muslix64 akatangaza kwamba amefungua filamu za HD DVD. Sababu aliyoitoa ndiyo iliyonifanya niketi sawasawa. Alinunua kiendeshi, akanunua na filamu, akaitia, na skrini yake ikakataliwa kwa sababu haikuwa ya aina inayoruhusiwa. Akakasirika. AES hakuigusa hata kidogo. Alijua kwamba programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta, wakati inacheza, lazima iwe imeushika ufunguo mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta ni yake. Akatafuta humo, akauona. Januari 2007 njia hiyo hiyo ikafanya kazi kwa Blu-ray.

Ni sawa na kumpa mgeni kasha limefungwa, kisha ukampa na ufunguo, kwa sababu bila ufunguo hatakiona ulichomletea, halafu ukamwambia atazame tu, asichukue. Unaweza kuliimarisha kasha utakavyo. Ufunguo umeshampa.

Februari 2007 mwingine, aliyejiita arnezami, akaupata ufunguo wa juu zaidi, mmoja uliofungua diski zote zilizokuwa zimetoka mpaka wakati huo. Ukiuandika ni tarakimu na herufi 32 tu. Mawakili wa AACS wakaanza kutuma barua kila ulipoonekana: ondoeni. Tarehe 1 Mei mtandao wa Digg, uliokuwa ukitii barua hizo, ulijazwa namba hiyo na wasomaji wake wenyewe mpaka wenye mtandao wakanyoosha mikono na kuacha kuifuta. Watu waliichapisha kwenye fulana. Mmoja aliiimba na gitaa. Kisa hiki nakipenda kuliko vyote vya mambo haya, kwa sababu wengi wa waliokuwa wakiisambaza hawakuwa na hata diski moja ya HD. Walichochewa na kuambiwa kwamba kuna namba ambayo mtu haruhusiwi kuitaja.

Ule uwezo wa kubadilisha kufuli ulitumika, tena upesi. Funguo zilizovuja zikafutwa, diski za Mei 2007 zikaja na mpya. Zilifunguliwa kabla hazijafika madukani. Blu-ray ikaongezewa ulinzi wa pili, BD+, ambao ni programu ndogo inayokaa ndani ya diski na kuichunguza mashine kabla ya kuonyesha picha. Mchambuzi mmoja alisema katikati ya mwaka 2007 kwamba huo hautavunjwa kwa miaka 10. Machi 2008 kampuni moja ya visiwani Karibi ilikuwa ikiuza programu ya kuupita, na risiti unapewa. HD DVD yenyewe ilikufa mwaka huo huo, Toshiba ilipoiacha Februari, lakini hiyo ilikuwa vita ya biashara na haihusiani na makufuli.

Nikiwa bado nasoma hayo, nikaitwa niende Shela, kijiji cha jirani.

Ami yetu mmoja alikuwa akisimamia nyumba ya wageni kule, nyumba ya ghorofa yenye dari la makuti juu na matakia ya kukalia. Wageni wake waliokuja kwa mwezi mzima walitaka kutazama filamu usiku juu ya dari, na hawakuwa wabahili: walisafiri na mashine ya Blu-ray na begi la diski, zote halisi, zote wamelipia. Projekta ilikuwa ya nyumba. Shuka jeupe limetandazwa ukutani, upepo wa kusi unalichezesha, watoto wameshakaa. Nikaunganisha waya. Jina la kampuni ya filamu likatokea, kisha skrini ikawa nyeusi tii, na katikati maandishi madogo kwamba kifaa hiki hakiruhusiwi.

Nilijua shida ni nini kwa sababu ndiyo iliyomkasirisha yule muslix64. Kati ya mashine na skrini kuna ulinzi mwingine, HDCP. Vifaa viwili vinasalimiana kwanza kwa funguo, na kimoja kisipojibu salamu, picha haipiti. Projekta ya ami ilikuwa ya zamani, haikujua salamu hiyo. Nilichomoa, nikachomeka, nikabadilisha waya. Mgeni akawa ananionyesha jalada la diski, akisisitiza kwamba ameinunua, kama kwamba mimi ndiye niliyemkatalia.

"Mwanangu, hakuna njia?" ami akauliza.

Nikampigia kaka. Akamtuma kijana wake, akaja na boti ya jioni, flashi shingoni kwenye kamba. Filamu ile ile. Akaichomeka kwenye tundu la pembeni la projekta, na kabla hajanyoosha mgongo farasi wameshaanza kukimbia juu ya shuka. Haikuwa na tangazo la mwanzo, wala lile onyo la polisi lisiloweza kurushwa, wala salamu. Mgeni alitazama flashi, akatazama begi lake la diski. Watoto walishangilia. Kijana alidai shilingi 50 na nauli ya boti.

Aliyekuwa na haki ya kuiona filamu ile kuliko wote pale juu alikuwa yule mgeni, na ndiye pekee aliyezuiwa. Watu wa Langoni ambao kufuli liliwekwa kwa ajili yao hawakuwahi hata kuliona, kwa sababu lilishaondolewa mbali huko, mara moja, na mtu mmoja, kabla faili halijaanza safari. Kufuli hilo linatakiwa lishinde kila siku dhidi ya watu wote duniani. Anayelifungua anatakiwa ashinde mara moja.

Baadaye niliagiza Mombasa kikasha cha kugawa waya wa HDMI, cha bei ndogo, kisicho na jina la maana. Nilikitaka kwa ajili ya skrini mbili za ukumbini. Kumbe vile vya bei ndogo vingine havijali kupitisha salamu upande wa pili. Nilipokwenda nacho Shela, Blu-ray ya mgeni ikacheza. Sikukitafuta kwa kazi hiyo, lakini sikukirudisha. Na Septemba 2010 ufunguo mkuu wa HDCP ukavuja wote, Intel wenyewe wakathibitisha kwamba ni wa kweli. Vifaa vikaendelea kusalimiana kama kawaida mpaka leo, na projekta za zamani zikaendelea kukataliwa.

Kijana wa Dubai naye alituma mashine kwa mama yake. Ikafika na mtu, ndani ya blanketi. Mama alikuwa na TV yenye mgongo mkubwa, ile ya waya za rangi tatu, na fundi aliyekuja kuiunganisha aliigeuza ile mashine pande zote akitafuta tundu la njano. Halikuwepo. Masharti ya leseni ya AACS yaliamuru kwamba mashine zitakazotengenezwa baada ya mwaka 2010 zishushe ubora kwenye waya za zamani, na za baada ya 2013 zisiwe na waya hizo kabisa, kwa hofu kwamba watu watarekodi humo. Hakuna mtu Lamu aliyewahi kurekodi filamu kupitia waya wa njano wakati flashi ipo. Mama akanunuliwa TV mpya.

Kuhusu diski ya harusi, jibu lilikuwa baya kuliko nilivyodhani. AACS ni ya diski zinazochapwa kiwandani, kwa leseni na ada, na watengenezaji wadogo wa filamu huko kwao walikuwa wakilalamika kwamba wanalazimishwa kulipia kufuli wasilolitaka. Diski tupu ya Blu-ray ninayoichoma mimi kwenye kompyuta yangu haina kufuli lolote. Mtu yeyote mwenye kiendeshi anaiburuta kama mafaili ya kawaida.

Kulikuwa na programu za kuuzwa zilizoahidi kuilinda DVD yako isikopiwe. Nilijaribu moja kwenye harusi ya uongo: picha za paka wa ufukweni na punda wanaobeba mawe. Ujanja wake ni kutia sehemu zilizoharibika makusudi kati ya data, ili programu ya kukopi ikwame, ujanja ambao hata makampuni makubwa ya filamu yaliutumia kwenye DVD zao. Kwenye deki ya nyanya yangu diski ikatoa mlio, ikarudi nyuma, ikagoma. Kwenye kompyuta ya mtoto wa jirani, kijana wa sekondari, ikakopiwa huku yeye anaongea na simu. Sikuhitaji jaribio jingine.

Nilimwendea mama nyumbani kwake na kumwambia bila kuzunguka: chochote kinachoweza kuonekana kinaweza kukopiwa. Nikimpa diski, kilichobaki ni nani anayo.

Alifikiri kidogo. Mwanamke yule hakuwa na habari za biti 128, lakini alikuwa amelea watoto tisa. Akasema, "Basi nipe moja. Na zako zote ufute, nikiona." Nikafuta mbele yake, nikamwachia na kadi ya kamera.

Diski ile moja ikakaa kabatini mwake, na wanaotaka kuitazama harusi wakaja kuitazama sebuleni kwake, alasiri, na kahawa na vileja. Ndugu, majirani, wifi. Hapo ndipo ilipotoka. Kipande cha nusu dakika, bi harusi akiinuliwa ushungi, kikaonekana kwenye simu moja Mkomani, kisha nyingine. Hakikutoka kwenye diski. Mtu alikuwa ameinua simu mbele ya TV. Nilionyeshwa, na nikakitazama mara nyingi kuliko nilivyopenda, kwa sababu kwenye kioo cha ile TV mpya, juu ya uso wa bi harusi, palikuwa na kivuli cha kinachoelekea skrini: mwanga wa dirisha, na upande wa kushoto safu za zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na ndani ya kidaka cha katikati birika la shaba. Sebule ya mama mwenyewe. Kutokana na pembe ya mwanga wanawake wa nyumba ile walijua hata ni takia gani lililokaliwa. Mambo yaliyofuata yalikuwa ya ukoo na yalimalizwa na ukoo.

Hakuna AES ya kuzuia hiyo. Wahandisi wa filamu wanalijua tatizo hili toka zamani: picha lazima mwisho wake iwe mwanga unaoingia jichoni, na mwanga huo kamera nayo inauona. Kwao wanajaribu kutia alama za siri kwenye sauti ambazo mashine za Blu-ray zinazitambua na kunyamaza. Kwetu walianza kukusanya simu mlangoni. Siku hizi ukumbi wowote wa kupamba una meza na mwanamke mwenye macho makali, simu zinaingia kwenye mifuko yenye namba, na hata bibi wa miaka sabini anapekuliwa pochi. Hilo limefanya kazi kuliko programu yoyote niliyoijaribu, ingawa si kamili.

Lakini njia hiyo inamfaa mama wa bi harusi kwa sababu anataka watazamaji wachache anaowajua. Mwenye filamu ya Hollywood anataka kinyume: anataka kuiuza kwa kila mtu asiyemjua, halafu kila mmoja wao aendelee kuwa mgeni asiyeaminika ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sioni jinsi mambo hayo mawili yatakavyokaa kitanda kimoja. Wameendelea kujaribu. Diski za 4K zilizotoka mwaka 2016 zilikuja na AACS mpya, na ili uzitazame kwenye kompyuta ilihitajika sehemu maalumu ya usalama ndani ya prosesa za Intel. Kisha Intel wakaiondoa sehemu hiyo kwenye prosesa mpya, na mwaka 2022 watu wakagundua kwamba kompyuta mpya ya gharama haiwezi kucheza diski halali ambayo kompyuta ya zamani inaicheza. Mafaili ya 4K, wakati huo wote, yalikuwa yakizunguka.

Kaka hauzi tena filamu. Hakuna kufuli lililomwondoa, wala sheria ya hakimiliki, ingawa alishawahi kufunga duka siku mbili tatu aliposikia wakaguzi wako njiani. Kilichomwondoa ni bando. Kijana wa leo anatazama kwenye simu, kwa programu ya kulipia ya binamu aliye Nairobi au kwa kikundi cha Telegram, na haoni sababu ya kuvuka uchochoro kufuata flashi. Duka sasa linauza makava ya simu na vioo vya kubandika.

Mimi bado napiga harusi. Wateja wa sasa hawaombi diski, wanaomba flashi yenye neno la siri. Juzi nikamuuliza mmoja neno hilo litajulikana na nani. Akahesabu kwa vidole: yeye, mabinti zake, dada zake wa Mombasa, wifi wa Maskati, na yule mdogo kwa sababu ndiye anayejua kuwasha kompyuta. Nikaliweka, maana ndivyo alivyotaka, na nikamwandikia kwenye karatasi kwa sababu alisema atalisahau.

Ninachotoza siku hizi, zaidi ya kupiga na kuhariri, ni kutobaki na chochote. Kadi ya kamera naiuza pamoja na kazi, bei imo ndani. Mteja mmoja alipokabidhiwa aliomba mchi jikoni, akaipondaponda kwenye kinu mbele yangu mpaka ikawa vumbi, kisha akaniuliza kama sasa naweza kumpunguzia bei, maana kadi yenyewe haimfai tena.